Kwa Nini Msichukue Karatasi Safi? Uhakiki wa mashairi ya kufuta

Kuna mama anauza vitumbua na karanga karibu na kituo cha daladala huku kwetu Temeke. Pembeni ya meza yake huwa na rundo la karatasi za kufungia: magazeti ya juzi, kurasa za madaftari, mitihani ya zamani, barua za ofisini zilizokwisha kazi. Jumamosi moja asubuhi nilimwendea.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Vingapi?”

“Leo sitaki vitumbua, mama. Nataka karatasi.”

Akanitazama kama mtu aliyeombwa auze meza yenyewe. “Za nini?”

“Kuna vijana nawafundisha kutunga mashairi. Wanachukua ukurasa uliochapwa, wanafuta maneno kwa wino mweusi, yale yanayobaki ndiyo shairi.”

Akafikiri kidogo. “Sasa kama kazi yenyewe ni kufuta, kwa nini msichukue karatasi safi?”

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka zangu. Lakini swali lile lilinifuata Jumamosi zote sita nilizokaa na wale vijana, na leo, ndugu msomaji, ndilo nitakalolitumia kama kipimo cha uhakiki. Nimesoma watu wengi waliosifu au kuponda mashairi ya aina hii. Sijaona aliyeuliza swali zuri kuliko la mama wa vitumbua.

Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu, maelezo ni mafupi. Unachukua ukurasa wowote uliochapwa. Unausoma. Unazungushia kwa penseli maneno unayotaka yabaki, kisha yote mengine unayafunika kwa weusi. Huruhusiwi kuongeza hata herufi moja. Huruhusiwi kuhamisha neno: lililotangulia linatangulia, la mwisho linakuwa la mwisho. Vijana wangu walikuwa 14, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Maka peni ni ghali na zinakauka upesi, kwa hiyo wiki ya pili tulihamia kwenye masizi ya sufuria yaliyochanganywa na maji na gundi kidogo, tukapaka kwa brashi. Wenyewe wakayabatiza jina: mashairi ya mgawo. Eti ni kama zile siku za mgawo wa umeme, mtaa mzima giza, nyumba mbili tatu zenye jenereta ndizo zinawaka. Jina hilo nimelipenda, nami nitalitumia.

Sasa najua kuna mzee anasoma hapa na ameshaanza kukunja uso. Hakuna vina, hakuna mizani, na mbaya zaidi, hakuna neno hata moja alilolileta mtunzi mwenyewe. Hili ni shairi au ni uchafu? Ugomvi huo tunaujua. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani, watu waligombana kwa miaka. Sitaki kuufufua ugomvi ule. Nasema tu kwamba anayedai mashairi ya mgawo hayana sheria hajajaribu kuyatunga. Sheria zipo, na ni kali. Mtunzi wa mapokeo akikosa kina anaweza kutafuta neno lingine katika Kiswahili chote. Huyu wa mgawo ana maneno mia tatu tu ya tangazo la mnada, na kwa mpangilio ambao hakuuchagua.

Kwa hiyo sitauliza kama haya ni mashairi. Nitauliza yapi ni mazuri na yapi ni mabaya, maana hiyo ndiyo kazi ya mhakiki.

Wiki ya kwanza yote yalikuwa mabaya, na kosa lilikuwa langu. Niliwaambia, kama vitabu vya kufundishia vya wenzetu vinavyosema, watafute maneno yanayowavutia. Wakayatafuta. Zilirudi kurasa 14 zenye bahari, upepo, moyo, mwanga, ndoto na kesho. Kijana mmoja alipata ukurasa wa habari za mgogoro wa ardhi, akafuta mgogoro wote, likabaki “ardhi … mvua … tumaini”. Aliusoma kwa sauti nzuri na wenzake wakapiga makofi.

Hapo nikalikumbuka swali la mama. Nikamwambia kijana ayanakili maneno yake matatu kwenye karatasi safi. Akayanakili. Nikauliza darasa, “Kuna kilichopungua?” Kimya. Hakikupungua kitu. Ardhi, mvua na tumaini yalikuwa yale yale, na wino wote ule mweusi ulikuwa pambo tu, kama fremu ya picha. Sasa si bora angechukua karatasi safi tangu mwanzo, akatuokolea masizi? Tena alikuwa na watu waliogombania shamba pale chini, akawapaka rangi ili apate neno tumaini. Sisemi alikusudia. Nasema shairi lake lilifanya hivyo.

Tumezoea kuhakiki fani na maudhui kama vile ni mifuko miwili ya suruali moja, mkono huu huku, mkono huu kule. Kwenye mashairi ya mgawo huwezi. Wino ndio fani, na wino huo umekaa juu ya maneno ya mtu mwingine. Msomaji asipouhitaji huo weusi ili alielewe shairi, basi fani imekufa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: nakili kwenye karatasi safi, uone kama shairi linaumia.

Wiki ya pili tukakutana na tatizo ambalo vitabu vya Kiingereza havilijui. Kiingereza ukikifuta, maneno yanabaki yamesimama kila moja peke yake. Kiswahili hakikubali. Sisi tuna upatanisho wa kisarufi. Maneno yetu yameshikana mikono. Msichana mmoja alikuwa na sentensi hii ya gazeti: “Kikao kikubwa cha wanachama kilifunguliwa jana.” Yeye akaacha “kikubwa … kilifunguliwa”. Wenzake wakamzomea. Kikubwa nini? Kilifunguliwa nini? Umeua nomino, umeacha mayatima!

Na mimi nilianza kumsahihisha kama mwalimu wa sarufi, kisha nikanyamaza. Maana ile “ki” haikuwa imekufa. Ilikuwa inatafuta mwenyewe. Kikubwa kilifunguliwa: ni kifua? Ni kidonda? Ni kitabu, kifungo, kisima? Kila mmoja darasani alijibu lake. Kiambishi kilichobaki ni kama ndala mlangoni. Mwenyewe humwoni, lakini unajua kuna mtu ndani. Ukinakili “kikubwa kilifunguliwa” kwenye karatasi safi, linakuwa kosa la sarufi la mwanafunzi mvivu. Ukiliona katikati ya weusi, unajua kuna kitu kimefunikwa na unataka kujua ni nini. Hapo ndipo tulipopata kwa mara ya kwanza shairi lililohitaji wino wake.

Kuanzia siku hiyo tuliacha kutafuta maneno mazuri. Tukaanza kutafuta viungo vya maneno.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1966 mchoraji wa Uingereza, Tom Phillips, alinunua London kitabu kikuukuu kwa peni tatu, riwaya ya W. H. Mallock iliyotoka mwaka 1892, iitwayo A Human Document. Akaanza kupaka rangi na kuchora juu ya kila ukurasa, akiacha maneno machache. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka hamsini, toleo baada ya toleo, mpaka toleo la mwisho la mwaka 2016. Hata jina la kitabu chake, A Humument, amelichonga kutoka jina la kile cha mwanzo. Na mhusika wake mkuu anaitwa Toge. Kwa nini Toge? Kwa sababu jina hilo limo ndani ya neno la Kiingereza “together”, yaani pamoja. Kwa hiyo Toge anaweza kutokea tu kwenye ukurasa ambao Mallock aliandika “together” au “altogether”. Penye upweke hayupo. Phillips hakufuta maneno tu, aliingiza kisu ndani ya neno.

Sasa, bwana, kama Kiingereza kinaruhusu hivyo, Kiswahili je? Lugha yetu imejengwa kwa vipande. Neno moja tu lina mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi, vyote vimepangwa kama mabehewa. Ukilifunika behewa moja, treni inaelekea kwingine.

Aliyelielewa hili kuliko sote ni msichana wa kidato cha pili ambaye huwa hasemi sana. Kwenye rundo la mama alipata karatasi ya kanuni za shule, ya zamani, imekunjwa kwa mafuta ya vitumbua. Sehemu aliyoichagua ilisomeka hivi:

“Mwanafunzi atakayevunja kanuni hizi atafukuzwa. Wazazi watajulishwa. Nidhamu ndiyo msingi wa shule yetu. Ujauzito hautavumiliwa.”

Baada ya masizi yake, yalibaki haya:

Mwana
atakuzwa.
Wazazi watajua.
Hamu ndiyo msingi wa shule yetu.
Uzito utavumiliwa.

Naomba urudi uangalie tena. Hakuongeza hata herufi. Kutoka “atafukuzwa” ameondoa “fu” tu. Kutoka “nidhamu” ameacha mkia wake, na mkia huo ni “hamu”. Kutoka “ujauzito” ameacha “uzito”, na ule ukanushi mzito wa “hautavumiliwa” ameuvunja kwa kufunika herufi mbili. Tena tazama sarufi ilivyomtii: hamu na nidhamu ziko ngeli moja, kwa hiyo “ndiyo” imekaa palepale bila kulalamika, uzito na ujauzito vilevile. Nilipomuuliza kama alizipanga ngeli, alisema hapana, alisikiliza tu kipi kinakubali.

Kisha akasema jambo ambalo nimeombwa nisilieleze kwa urefu. Dada yake aliwahi kutoka shule na karatasi kama ile mkononi. Ni miaka iliyopita. Wasomaji wetu wanajua kwamba tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani. Dada yake alikuwa ameshatoka zamani, na hakurudi.

Lipime sasa shairi hili kwa kipimo cha mama. Linakili kwenye karatasi safi: “Mwana atakuzwa. Wazazi watajua.” Linakuwa kama kauli mbiu ya semina. Ni zuri, ni tamu, halina shida na mtu. Lirudishe chini ya masizi, uone “fu” ilivyofunikwa kwa weusi kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukurasa, na unajua kila ahadi pale imetolewa mdomoni mwa tishio. Karatasi ile ile iliyomfukuza dada ndiyo inayosema mwana atakuzwa. Maudhui yote yako kwenye umbali kati ya maneno mawili, na mojawapo ya maneno hayo halionekani.

Nina dosari moja ya kulitaja, maana sifa tupu si uhakiki. “Wazazi watajua” kimelegea. Kitendo cha kujulishwa, kupewa habari na ofisi, kimegeuka kujua, sawa. Lakini watajua nini? Mistari mingine imegeuza tishio likawa ahadi, huu haujaamua. Nilimwambia. Akajibu, “Ndiyo, kaka. Hata nyumbani hawakuwa wameamua.” Basi nimeuacha, lakini bado naona ni mstari dhaifu zaidi ya mingine minne.

Baada ya hapo, kama ilivyo kwa vijana, kila mtu akataka kukata maneno. Mshikaji mmoja mjanja akaleta nakala ya matokeo ya mtihani wa majaribio, yenye maneno “watahiniwa walioshindwa”. Akafunika “w” moja tu: “watahiniwa walioshinda”. Kwenye “sifuri” akaacha “sifu”. Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwenzake mmoja hakucheka. “Huku si kutunga,” alisema, “huku ni kughushi cheti.”

Neno hilo lina uzito nchini kwetu. Aprili 2017 walitangazwa watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Swali la yule kijana lilikuwa halali kabisa: mtu anayefuta herufi ili aliyeshindwa aonekane ameshinda ana tofauti gani na mshairi wetu?

Tulibishana saa nzima. Jibu tulilofikia, na ambalo mimi nalisimamia, ni hili. Mghushi anafuta neno, halafu anafuta na alama ya kufuta. Akifaulu, hutajua kwamba kuna mtu alipita. Mshairi wa mgawo anaacha alama ionekane. Anakuonyesha jeraha na kisu pamoja.

Hata watawala wanaijua tofauti hiyo. Afrika Kusini, Juni 1986, ilipotangazwa hali ya hatari, gazeti la Weekly Mail la Johannesburg lilitoka na mistari mingi imefunikwa kwa weusi, kwa ushauri wa wanasheria wake. Wasomaji walielewa. Weusi ule ulisema mengi kuliko habari zenyewe. Kabla mwaka haujaisha serikali ya makaburu ikapiga marufuku magazeti kuacha nafasi wazi au kufunika maandishi ili kuonyesha kwamba yamekatwa. Mkataji hakutaka mkato wake uonekane. Na Marekani, Reginald Dwayne Betts, aliyekamatwa akiwa na miaka 16 na kukaa gerezani zaidi ya miaka minane, katika diwani yake Felon ya mwaka 2019 alichukua hati za mahakama kuhusu watu waliowekwa ndani kwa kukosa fedha za dhamana, akaifunika lugha ya sheria kwa mistari minene myeusi mpaka ikabaki sauti ya mtu. Ameacha weusi wote pale, uuone.

Kwa hiyo “walioshinda” ya mshikaji wetu si ghushi, maana ile “w” iliyofunikwa inaonekana. Lakini pia si shairi bado. Ni mzaha wa herufi moja. Ukishacheka umemaliza, hakuna sababu ya kurudi.

Sasa nifike penye ugumu. Wiki ya nne kijana mwingine alipata ukurasa wa gazeti wenye tangazo la kumbukumbu, la wale wanaotimiza miaka tangu wafariki, lenye picha ndogo. Mwisho wake paliandikwa “Hatutakusahau.” Kijana, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshazoea, akafunika “Ha”.

Tutakusahau.

Kwa ufundi, hakuna aliyefanya kitu kikali kuliko hicho kwa herufi mbili. Tena pengine ni kweli, watu husahau. Lakini chumba kilinyamaza vibaya. Msichana mmoja akasema, “Umemzika mara ya pili.” Mwenyewe akaonekana anataka kulia.

Mimi kama mhakiki nasimama na yule msichana. Karatasi ya kanuni iliandikwa na mwenye nguvu kumwambia asiye na nguvu. Kuijibu ni haki. Tangazo la kumbukumbu limeandikwa na familia iliyolipia nafasi ndogo gazetini ili jina la mtu wao lisipotee. Ukilifuta unamnyang'anya aliyekwisha kunyang'anywa. Linganisha na M. NourbeSe Philip, mshairi aliyezaliwa Tobago na anayeishi Kanada. Kitabu chake Zong! cha mwaka 2008 kimetokana na maneno ya ripoti ya kesi ya 1783 kuhusu meli iitwayo Zong. Mwaka 1781 mabaharia wake walitupa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai bima kama waliopoteza mizigo. Ripoti haina jina hata moja la waliotupwa. Philip aliyakatakata maneno ya ripoti ile vipande vipande, na chini ya kurasa za mwanzo akaweka majina, ya kuwapa waliokosa. Alivunja maneno ya mahakama, hakuwagusa wafu.

Wiki iliyofuata kijana wetu alirudi na ukurasa ule ule, nakala nyingine. Safari hii hakuligusa tangazo la marehemu. Alifuta vyote vilivyolizunguka: viwanja vinauzwa, simu kwa bei poa, mganga kutoka mbali. Ukurasa mzima giza, na katikati yake picha ndogo na neno Hatutakusahau, zima, na “Ha” yake. Hakuchagua hata neno moja la kwake. Kwa maoni yangu ndilo shairi la pili kwa ubora katika yote tuliyopata, baada ya lile la uzito.

Kwa wasanii chipukizi mtakaojaribu, nina machache. Chagueni ukurasa unaowaudhi, achaneni na unaowapendeza. Wekeni nakala safi ya ukurasa wa mwanzo, ili atakayeuliza aonyeshwe. Kateni ndani ya neno kabla ya kulitupa neno zima. Na kabla hamjapaka, jiulizeni ni nani aliyeandika pale, na alikuwa anamwambia nani.

Jumamosi ya mwisho nilimpelekea mama wa vitumbua nakala ya shairi la uzito. Alifuta mikono kwenye kanga, akasoma polepole, akarudia. Kisha akaweka kidole juu ya weusi, palepale kwenye “fu”.

“Na hapa chini paliandikwa nini?”

Nikamwambia. Hakusema kitu. Aliikunja karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kitambaa cha meza, mbali na rundo la kufungia.

Mjadala uko wazi. Anayenipinga, karatasi zipo kila meza ya karanga mjini. Achukue moja, aanze kufuta.